Kwa Nini Bledi ya Msumeno wa Nakshi Haiendi Unakoielekeza

Mtu akikaa kwa mara ya kwanza mbele ya msumeno wa nakshi, zoezi lake la mwanzo huonekana jepesi mno: chora mstari ulionyooka juu ya ubao, kisha ukate juu ya mstari huo. Anausukuma ubao mbele moja kwa moja, kama ambavyo angefanya kwenye msumeno wa duara. Kabla hajafika katikati, bledi imeshauacha mstari na kukimbilia kulia. Anachora mwingine, anatuliza pumzi, anakaza macho. Bledi inakwenda kulia tena. Hapo wengi huamua kwamba mikono yao haina utulivu unaotakiwa, na baadhi yao hufunika mashine wasiirudie.

Niliwahi kufikia hatua hiyo mwenyewe, ndiyo maana nasema mapema: mkono hauna kosa. Bledi inavuta upande kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa kiwandani, na karibu kila tatizo linalomsumbua anayeanza (mstari unaopinda, ukingo usiosimama wima, bledi zinazokatika kila baada ya dakika chache, mbao inayoungua) linaanzia kwenye kile kipande chembamba cha chuma. Watu hutumia miezi wakichagua mashine na dakika moja wakichagua bledi. Ingefaa iwe kinyume chake.

Kwanza tuiangalie mashine yenyewe. Ina mikono miwili, mmoja juu ya meza na mwingine chini yake, na katikati ya mikono hiyo bledi imesimama wima, imekazwa kama uzi wa zeze. Mota inaipandisha na kuishusha. Bledi haisafiri popote. Kinachosafiri ni ubao, ambao fundi anausukuma na kuuzungusha kwa vidole. Zamani kazi ya mota ilifanywa na miguu: mashine za karne ya 19 zilikuwa na kanyagio kama la cherehani, na maelfu ya watu huko Ulaya na Marekani walikaa jioni wakikanyaga na kukata fremu za picha na visanduku vya saa. Umeme uliondoa uchovu wa miguu. Tabia ya bledi haukuibadilisha.

Bledi ya kawaida ina urefu wa inchi 5, yaani kama milimita 127. Ukichukua saizi namba 5, ambayo ni ya kati, upana wake ni karibu milimita 1 na unene wake ni kama milimita 0.4. Fikiria maana ya vipimo hivyo. Bledi ya msumeno wa mkono ni pana, na upana huo ndio unaoishikilia ndani ya mkato wake isigeuke. Bledi ya nakshi haina upana wa kuishikilia, na ndiyo maana inaweza kugeuka pale pale ilipo na kukata kona kali kama pembe ya herufi. Lakini chombo kisicho na cha kukizuia kugeuka unapotaka, hakina pia cha kukizuia kugeuka usipotaka. Nguvu yoyote ndogo ya upande inaipeleka.

Na nguvu hiyo ya upande ipo. Bledi nyingi hutengenezwa kutokana na utepe au waya wa chuma, na meno yake hukatwa kwa kifaa kinachopita kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kifaa kikitoka, huacha chuma kimesukumwa nje kidogo kwenye ukingo wa upande kilikotokea. Aliyewahi kukata bati kwa mkasi anaujua ukingo wa namna hiyo: upande mmoja ni laini, mwingine unakwaruza. Kwenye bledi ukwaruzo huo hauonekani kwa macho, ila unafanya kazi. Upande wenye ukwaruzo unakula mbao, upande laini unateleza tu. Bledi inaelekea kule inakokula, na kwa bledi nyingi huko ni kulia.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: acha kusukuma ubao moja kwa moja mbele. Chora mstari mrefu kwenye kipande cha takataka, anza kukata, na kila bledi inapoanza kutoka, geuza ubao kidogo hadi irudi mstarini. Baada ya sentimita kumi hivi utajikuta unausukuma ubao ukiwa umekaa mshazari kwa digrii chache, na bledi inafuata mstari bila ugomvi. Huo mshazari ndio njia ya bledi hiyo. Ukibadilisha bledi, hasa ukibadilisha aina, unaweza kubadilika, kwa hiyo mafundi wengi hukata mstari mmoja wa majaribio kabla ya kuanza kazi ya maana. Hii pia ndiyo sababu reli ya kuongozea ubao, ambayo ni msaada mkubwa kwenye misumeno mingine, haifai hapa. Reli inaulazimisha ubao kwenda moja kwa moja, na bledi hii haitaki kwenda moja kwa moja.

Dawa ya pili ni jiwe laini la kunolea. Mashine ikiwa inakwenda polepole, liguse kwa wepesi kwenye upande wa kulia wa bledi kwa sekunde chache, na ukwaruzo unapungua. Ya tatu ni kununua bledi ambazo meno yake yamesagwa kwa jiwe badala ya kukatwa. Hizo huenda karibu na mstari na huacha ukingo laini sana, ila ni ghali zaidi, na ukali wake humshangaza asiyezizoea: zinaingia ndani ya mbao haraka hivi kwamba kona inapita kabla hajaizungusha. Kwa maoni yangu ni vizuri mtu ajifunze kwanza kwa bledi za kawaida, aujue mvuto wao, ndipo apande.

Mkazo

Kosa linalofuata kwa wingi ni bledi kulegea. Mwanzoni mtu huogopa kuikaza kwa kuwa anadhani itakatika. Kweli, bledi iliyokazwa kupita kiasi hukatika, lakini iliyolegea huharibu kazi kwa njia ya kificho zaidi. Ndani ya ubao mnene inapinda tumbo: sehemu ya juu na ya chini zinashikwa na vibano, ila katikati inasukumwa nyuma na pembeni. Ukitazama kutoka juu mchoro umefuatwa vizuri kabisa. Geuza kipande upande wa chini, na utakuta kona zimehama, mistari haiendani, na ukingo una tumbo kama pipa. Ni rahisi sana kuilaumu meza kwa kosa hilo.

Kipimo cha mafundi ni sikio na kidole. Zima mashine, ichomoe kwenye umeme, kisha ipige bledi kwa ukucha kama uzi wa gitaa. Ikitoa sauti butu, bado. Ikilia kwa sauti kali na safi, umefika. Kisha isukume pembeni kwa kidole: isihame zaidi ya milimita 3 hivi. Bledi nyembamba sana hukazwa kidogo chini ya hapo, bledi pana inavumilia zaidi. Rudia kipimo baada ya kukata kwa muda, kwa kuwa chuma kikipata joto hurefuka na mkazo unashuka wenyewe.

Bledi ikikatika, usiitupe kabla hujaitazama. Mahali ilipokatikia ni ushahidi. Ikikatika katikati, kwa kawaida ilikuwa butu na ulikuwa ukiilazimisha, au joto limeichosha. Ikikatika karibu na kibano, tazama kibano: kimeipinda, kimeibana mno, au mkazo wenyewe umezidi. Na ikichomoka bila kukatika, safisha mafuta. Bledi mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na kibano hakishiki chuma chenye mafuta. Kupangusa ncha zote mbili kwa kitambaa, au kuzipitisha kwenye msasa laini, hutatua jambo hilo.

Jambo moja kabla sijaacha bledi yenyewe. Zipo zenye pini, yaani kijiti kidogo kilichopita kwenye kila ncha, na zipo za ncha tupu. Za pini hufungwa kwa urahisi. Ila nakshi karibu yote ni matundu ya ndani: unatoboa shimo, unapitisha bledi, unaifunga tena, unakata. Bledi tupu inapita kwenye shimo la milimita moja au mbili. Ya pini inahitaji shimo kubwa mara kadhaa ya hilo, na mchoro wenye majani madogo hauna nafasi ya shimo la namna hiyo. Kama mashine inakubali za pini pekee, basi mipaka ya kazi yako imeshawekwa na mashine.

Meno, mapigo na moshi

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu inafafanua mengi. Mashine moja inayojulikana sana, DeWalt DW788, ina mapigo kati ya 400 na 1,750 kwa dakika, na kila pigo lina urefu wa kama milimita 19. Meno ya kawaida hukata bledi inaposhuka tu. Zidisha 1,750 kwa milimita 19, unapata kama mita 33 za kukata kwa dakika, na hapo mashine iko kwenye kasi yake yote. Msumeno wa utepe, ambao bledi yake ni mkanda unaozunguka, hupitisha mamia ya mita kwa dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeusukuma ubao kwenye msumeno wa nakshi kwa haraka anaiomba bledi itoe kazi ambayo haiwezi kuitoa, nayo inajibu kwa njia tatu inazozijua: inapinda, inapata moto, inakatika.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Ukikata ubao wa milimita 6 kwa pigo la milimita 19, ni milimita 25 tu za bledi zinazougusa ubao. Meno mengine yote, juu na chini, hayajafanya kazi hata siku moja. Unapoitupa bledi kwa kuwa imebutuka, unatupa sehemu kubwa ya meno mapya. Ndiyo maana wapo wanaoweka kipande cha plaiwudi juu ya meza bledi ikianza kuchoka: ubao unapanda milimita kadhaa, unakutana na meno yaliyo bado makali, na bledi inapata maisha ya pili. Ni jambo dogo linalonifurahisha kila ninapolifanya.

Kuhusu aina za meno, kanuni ya kwanza ni kwamba wakati wowote angalau meno matatu yawe ndani ya mbao. Ubao mwembamba unataka meno madogo ya kusongamana, ubao mnene unataka makubwa yenye nafasi ya kubeba unga nje. Bledi za kuruka, ambazo jino moja kati ya mawili limeondolewa, hukata kwa ubaridi zaidi kwa kuwa unga una mahali pa kukaa. Zipo ambazo meno machache ya chini yanatazama juu, ili ubao usichanike upande wa chini bledi inapotoka. Kwa plaiwudi nisingetumia nyingine. Na ipo ile ya msokoto, waya wenye meno pande zote, unaokata kuelekea kokote bila kuzungusha ubao. Inafaa kwa picha kubwa za sura za watu ambazo hazingeweza kuzunguka chini ya mkono wa mashine, lakini mkato wake ni mpana na mkwaruzo, na mstari ulionyooka ndio unaoisumbua kuliko yote.

Mbao kuungua ni suala la unga usiotoka na joto lisilo na pa kwenda. Baadhi ya mbao, kama ya mcheri, huwa nyeusi kwenye kona kwa kusimama kidogo tu. Punguza mapigo, tumia bledi yenye nafasi kati ya meno, na ubandike utepe wa plastiki wa kufungia makasha juu ya ubao kabla ya kukata. Tofauti inaonekana mkato wa kwanza. Plaiwudi ina shida nyingine: gundi iliyo kati ya matabaka hula meno kuliko mbao yenyewe. Ile ya mbetula yenye milimita 6 ina matabaka matano, kumaanisha mistari minne ya gundi ambayo kila jino linaipita mara maelfu.

Unga wenyewe usidharauliwe. Mashine ina kipulizio kinachoufukuza unga kutoka kwenye mstari ili uone, na kinaufukuza kuelekea usoni pako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka unga wa mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa inayobana vizuri na kifyonza vumbi chini ya meza ni sehemu ya vifaa vya kazi sawa na bledi.

Pale mshazari unapokuwa msaada

Mpaka hapa ukingo usiosimama wima umekuwa adui. Kabla ya kazi yoyote fundi huhakikisha bledi na meza zinafanya pembe ya digrii 90, na njia nzuri ya kupima ni hii: kata mkato mfupi kwenye kipande kinene, zima mashine, zungusha kipande hadi mkato huo uwe nyuma ya bledi, kisha ujaribu kuiingiza bledi ndani yake kutokea nyuma. Ikiingia bila kugusa, meza iko sawa. Kama kuna kosa, njia hii hulionyesha mara mbili ya ukubwa wake, ndiyo maana naiamini kuliko skwea, kile kipimio cha pembe mraba.

Lakini kuna kazi ambayo meza huinamishwa makusudi, nayo ni kupachika mbao ya rangi moja ndani ya nyingine. Wafaransa wa karne ya 17 walikuwa na njia yao. André-Charles Boulle, fundi samani wa Mfalme Louis wa 14, alikuwa akibandika tabaka la gamba la kasa na la shaba ya njano pamoja, kisha mchoro unakatwa mara moja kwa matabaka yote. Ua la shaba linaingia kwenye tundu la gamba, ua la gamba linaingia kwenye tundu la shaba, na unapata paneli mbili zinazojibizana. Kwa mkato wa wima daima hubaki mwanya mwembamba kuzunguka ua, sawa na unene wa bledi, kwa kuwa bledi imeugeuza upana huo kuwa unga. Mwanya huo ulijazwa gundi na rangi.

Mwinamo wa meza unaufuta mwanya kabisa. Bandika mbao mbili pamoja, inayopachikwa juu na inayopokea chini, inamisha meza kidogo, na ukate duara. Kipande kinachotoka kina umbo la kizibo cha chupa: kipana juu, chembamba chini. Sasa kichukue kipande cha ubao wa juu ukishushe kwenye tundu la ubao wa chini. Tundu hilo ni dogo kidogo kuliko kipande, kwa kuwa kizibo kinazidi kuwa chembamba kadiri kinavyoshuka, na upungufu huo ndio unaoziba unene uliochukuliwa na bledi. Kinashuka, kinabana, kinasimama sawasawa na uso wa ubao.

Mwinamo upi? Tanjenti ya pembe ni upana wa mkato uliogawanywa kwa unene wa ubao. Kwa mkato wa milimita 0.4 na mbao za milimita 6, inatoka chini kidogo ya digrii 4. Kwa mbao za milimita 3, karibu digrii 7.6: mbao nyembamba zaidi, mwinamo mkubwa zaidi, jambo ambalo mtu asiyefanya hesabu angelidhania kinyume. Na mkato halisi huwa mpana kidogo kuliko bledi, kwa sababu ya ule ukwaruzo wa pembeni tuliouona mwanzoni, kwa hiyo hesabu inakufikisha karibu tu na shabaha.

Zungusha ubao upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza mwelekeo, kizibo kinageuka kichwa chini na kipande kinapita tundu na kuanguka sakafuni. Toboa shimo la kuanzia kwa drili ndogo kuliko zote ulizonazo, nalo liwe na mwinamo ule ule wa meza, mahali pasipoonekana, kwa mfano penye kona ya jani. Kata kwanza mduara mdogo kwenye vipande viwili vya takataka vya mbao zile zile, kwa bledi ile ile, na ujaribu. Kipande kikizama chini ya uso wa ubao, ongeza robo ya digrii. Kikigoma na kubaki kimesimama juu, punguza robo, ukate mduara mwingine pembeni yake.